Kaka Yetu Ambaye Hakujua Utani

Ndugu zangu waombolezaji, majirani, waumini wenzangu na wafanyakazi wenzake marehemu, kamati imenipa karatasi moja niwasomee historia ya kaka yetu, lakini kabla sijafika kwenye tarehe ya kuzaliwa ninalo kosa la kukiri, maana siwezi kusimama mbele ya jeneza na mbele za Mungu nikasoma kama mtu safi. Siku ya Jumapili, tarehe 10 Mei 2009, saa kumi jioni, sebuleni kwangu, mbele ya akina mama sita wa kikundi chetu cha maombi, nilimwambia marehemu huku nacheka, "Wewe kaka, usikanyage tena hapa mpaka nikuite," naye akajibu, "Sawa," na tangu siku hiyo hakukanyaga tena kwangu mpaka Mungu alipomchukua, miaka kumi kasoro miezi miwili, kwa sababu sikumwita.

Nilikuwa natania. Kila aliyekuwa mle ndani alijua natania, hata paka aliyelala chini ya kiti alijua, asiyejua alikuwa mmoja tu, na huyo mmoja ndiye aliyekuwa anaambiwa.

Sasa nisome.

Marehemu alizaliwa tarehe 2 Februari 1957, alfajiri, katika nyumba ya vyumba viwili nyuma ya karakana ya reli alikofanya kazi baba yetu, akiwa mtoto wa tatu kati ya watoto watano, ndiyo maana nyumbani tulimwita Kaka wa Kati. Mimi nilimfuata mgongoni, nikazaliwa miaka minne baada yake, na tofauti yetu ilionekana mapema, kwa sababu mimi nilianza kutania kabla sijajua kufunga vifungo vya gauni, na yeye mpaka ameota mvi hakuwahi kumtania mtu, wala hakuwahi kujua kama anataniwa. Alipokuwa na miaka sita alisifu mchuzi wa jirani, mama akamwambia, "Basi hamia huko huko kama kwao ndiko kutamu," naye akakunja shati lake, akabeba na mto wake, akahamia, jirani akadhani ametumwa akampa mkeka, akakaa siku mbili. Mama alipomfuata, amefura kwa hasira na aibu, akamuuliza, "Mwanangu, umenikimbia?" mtoto akamwangalia na kumjibu, "Mama, si ulisema?" Hiyo "si ulisema" tumeishi nayo maisha yetu yote, na nawaambia ukweli, jamani, inachosha, maana kweli ulisema.

Elimu ya msingi aliianza Januari 1965 na kuimaliza Novemba 1971, katika shule iliyokuwa ng'ambo ya reli, akiwa mwanafunzi mzuri wa hesabu na mgumu wa mambo mengine. Akiwa darasa la sita mwalimu wake wa hesabu alikosea ubaoni, akamwona marehemu anatikisa kichwa, akamwambia, "Kama unajua sana, njoo ufundishe wewe," marehemu akatoka kwenye dawati, akachukua chaki, akafundisha kwa robo saa nzima, wenzake wakaelewa vizuri sana, kisha akachapwa viboko vinne. Jioni ile hakulalamikia viboko, alichotaka kujua ni kwa nini mtu akuite halafu akuchape kwa kuja, na baba alipomweleza kwamba mwalimu alikuwa anamkejeli, akauliza, "Sasa mimi nilitakiwa nijue vipi?" Baba alitafuna kwa muda mrefu kuliko chakula chenyewe kilivyohitaji. Baada ya hapo, kuanzia Januari 1972 hadi Desemba 1974, alisoma chuo cha ufundi, upande wa umeme na mitambo, akafaulu daraja la kwanza.

Tarehe 1 Julai 1975 aliajiriwa kama fundi msaidizi wa lifti katika jengo la ofisi la ghorofa kumi na moja, lile lenye lifti mbili, ya kushoto na ya kulia, na hapo alifanya kazi miaka arobaini na mmoja na miezi minane, mpaka alipostaafu tarehe 28 Februari 2017. Kazini mlimwita Bwana Sawa, na najua wengi wenu mliompa jina hilo mko hapa leo na mnatazama chini, wala msitazame chini peke yenu, mimi nilicheka kuliko ninyi. Siku ya kwanza kabisa mlimwambia apande juu ya paa akaangalie mvua ikija awaambie, akapanda saa tatu asubuhi na mkebe wake wa chakula, mkamsahau, na saa kumi na nusu akashuka amelowa chapachapa, akasimama mlangoni mwa chumba cha mafundi, akasema, "Imekuja." Mlicheka wiki nzima. Yeye alichojua ni kwamba ametumwa kazi na ameifanya, na aliponihadithia alisema tu kwamba ni vizuri jengo kubwa lijue mvua mapema, na mimi nikamwacha aamini hivyo kwa sababu ilinifurahisha.

Lakini haki ya mtu isemwe akiwa bado juu ya ardhi. Mwaka 1991, mwezi wa nane, alihamishiwa lifti ya kulia, na asubuhi ya tarehe 12 aliingia humo na msimamizi wa mafundi, mzee mcheshi ambaye kila siku akiingia hupiga ukuta wa lifti kofi na kusema, "Hii ipo siku itatuua," watu wakacheka, ndiyo ilikuwa salamu yao ya miaka na miaka. Marehemu ndiyo kwanza alikuwa anaisikia, hakucheka, akauliza, "Lini?" Wakacheka mpaka wakafuta machozi, naye hakungoja wamalize, akaisimamisha ghorofa ya pili, akawatoa wote, msimamizi akiwemo, akazima umeme, akafunga kufuli, akabandika karatasi, akapanda kwa ngazi mpaka chumba cha mashine. Baada ya saa mbili alishuka akawaita waone wenyewe, kamba ya chuma ilikuwa imekatika nyuzi kumi na moja pale inapopinda kwenye gurudumu, mahali ambapo ukisimama chini ukapaangalia huoni kitu. Msimamizi alikaa kwenye ngazi, akasema kwa sauti ndogo, "Mimi nilikuwa natania tu." Marehemu akamjibu, "Ilikuwa kweli." Basi mjue, ninyi mnaofanya kazi ghorofa za juu na mko hapa mnapumua, kwamba mnapumua kwa sababu katika jengo lile alikuwepo mtu mmoja asiyejua utani.

Kuhusu ndoa, marehemu alifunga ndoa takatifu tarehe 22 Oktoba 1983 na wifi yangu huyu aliyekaa mbele yenu, ambaye wakati ule alikuwa mpiga chapa ghorofa ya saba, na ameniruhusu niseme ilivyokuwa. Lifti ya kushoto ilimkwamisha kati ya ghorofa ya nne na ya tano, marehemu akaja kumtoa, na wifi akiwa amelowa jasho akamwambia, "Fundi, ikinikwamisha tena itabidi unioe," na baada ya wiki mbili ikamkwamisha tena. Jumapili iliyofuata marehemu alikuwa kwa baba yake wifi, amefuatana na mjomba wetu, viatu vimepigwa kiwi, amekuja kutimiza. Wifi anasema alitoka jikoni kwenda kuwaeleza wageni kwamba alikuwa anatania, alipouona uso wa yule fundi akarudi jikoni akaongeza maji ya chai, kwa sababu, hayo ni maneno yake mwenyewe, "Nilijiambia, wanaume wengine huwaambii ya kweli wakayashika, huyu ameshika hata la mzaha."

Mungu aliwajalia watoto watatu, binti wa kwanza mwaka 1985, ambaye ni muuguzi, wa pili wa kiume mwaka 1988 na binti wa mwisho mwaka 1993, pamoja na wajukuu wanne. Alikuwa baba wa kutegemewa mpaka inaudhi, akikwambia saa tisa, saa tisa kasoro dakika moja unasikia viatu, na nyumba yake ilikuwa mahali pa ajabu pa kutembelea, ukisema umeshiba sahani inaondolewa, ukiaga unafunguliwa mlango, hakuna cha "kaa kidogo, kwani unakimbilia wapi," mpaka wifi atoke mbio jikoni kukurudisha.

Sasa narudi kwenye kosa langu, na hapa karatasi ya kamati imeisha, haya mengine nimeandika mwenyewe.

Nilipohamia nyumba yangu mwaka 2003, marehemu alikuwa anakuja kila Jumapili baada ya ibada, na mfuko wake wa vifaa, na haketi, anazunguka, anakaza bawaba, anafungua bomba, anabisha dari kwa kidole kama daktari. Siku ile ya mwaka 2009 akina mama wako kwangu, chai ipo mezani, nikamkuta yuko chini ya meza anafungua mguu wa meza ile ile yenye chai, vikombe vinatetemeka, mama mchungaji kashika kisahani kwa mikono miwili, ndipo nikasema nilichosema, na akina mama wakacheka, na mimi nikanogewa na kicheko chao, nikaongeza, "Na ukija bila kuitwa nakufungia mlango." Akatoka chini ya meza, akakaza kwanza ule mguu, akasema, "Sawa," akaondoka na mfuko wake. Jumapili iliyofuata hakuja. Ya pili hakuja. Ya tatu nikasema amenuna.

Ndugu zangu, tulikuwa tunaonana kanisani kila wiki! Ananisalimia vizuri, ananiuliza magoti yangu yanaendeleaje, ananiletea dawa ya kuchua, halafu tukifika njia panda yeye anakwenda kwake na mimi kwangu. Nilikuwa na mdomo, nilikuwa na simu, nilikuwa na miguu, neno lilikuwa moja tu, "Njoo," na nikajiambia mkubwa ni yeye, yeye ndiye anatakiwa aje. Tena nikafanya baya zaidi, nikasema ni wifi anayemzuia, nikawaambia majirani, nikamwambia dada yetu, hata kwenye maombi nilimtaja, nikamwomba Mungu ailainishe roho ya wifi yangu, wakati yeye alikuwa hajui chochote na kila sikukuu ananitumia kitenge. Wifi, nilikuomba msamaha juzi faraghani, lakini nilikusema hadharani, basi nakuomba hadharani, nilikusingizia, naomba unisamehe.

Mume wangu alipofariki tarehe 3 Septemba 2013, marehemu alikuja wa kwanza kabla ya jua kutoka, na akasimama nje ya geti. Siku tatu alisimama pale nje, anawaelekeza watu, anapokea maturubai, anawaonyesha madereva mahali pa kuegesha, analetewa chakula anakula amesimama, na hakuingia. Kaka mkubwa alimwambia, "Ingia basi upumzike," akajibu, "Hapana, niko sawa hapa." Nilimwona dirishani, nikiwa kwenye majonzi yangu, nikasema moyoni, tazama mtu mwenye roho ngumu, hata leo! Mungu anisamehe. Yeye alikuwa ameacha shughuli zake zote, amekuja mpaka mahali pa mwisho alipojua anaruhusiwa kufika.

Maradhi ya marehemu yalianza Novemba 2018 kwa kuvimba miguu na kukosa pumzi, ikaonekana ni moyo, akatibiwa akiwa nyumbani, na tarehe 25 Februari mwaka huu akalazwa wodi namba tano, ghorofa ya pili. Madaktari walimpenda, maana ukimuuliza anajisikiaje anakueleza kama anavyojisikia, haongezi wala hapunguzi, na siku ya pili tu aliwaambia lifti yao inalia upande wa mlango, waipake grisi. Asubuhi ya Jumatatu, tarehe 11 Machi, muuguzi wa zamu alimwambia, "Mzee, wewe hutoki humu mpaka utuchekeshe," akaenda zake, na binti yake mkubwa alipofika akamkuta baba yake ana mashaka mazito, hajanywa uji, anamwuliza, "Mwanangu, kitu cha kuchekesha nitakipata wapi mimi?" Binti akamwambia, "Baba, anakutania huyo, maana yake anakupenda." Akauvuta uji karibu. Binti anasema alikunywa nusu kikombe, kisha akauliza, "Na shangazi yako, yale ya kufunga mlango, na yenyewe yalikuwa ya namna hii?"

Binti alinipigia simu niko kwenye cherehani. Nilikwenda na kipande cha uzi begani.

Nilipoingia wodini sikuwa na upole, nakiri na hilo, nilikuwa nimejaa hasira za njia nzima, nikamwambia, "Kaka, miaka kumi! Ulikuwa unangoja niseme nini?" Akasema, "Uniite." Nikamwambia nilikuwa natania. Akaniuliza, "Mtu anajuaje?" Nikamweleza, ndugu zangu, nilijitahidi, nikamwambia ni sauti, ni jicho, mtu akiwa anatania anacheka, akasema, "Msimamizi alikuwa anacheka na kamba ilikuwa imekatika," nikamwambia basi ni ule wakati, ni watu walioko, akasema, "Walikuwa watu wa maombi," nikamwambia kwamba wengine tukitania hatucheki kabisa ndiyo unanoga, akanitazama kwa huruma, huruma kabisa, kama vile mgonjwa ni mimi, akasema, "Sasa mtu anajuaje?" Nimeishi kwa utani miaka hamsini, nimesifiwa kwa utani, nachekesha harusi na vikao, na sikuweza kumweleza ndugu yangu wa tumbo moja ni wapi utani unaishia na maneno yanaanzia. Akasema tu, "Ungesema." Hakusema kwa kunilaumu, na hilo ndilo linaloniumiza zaidi, alisema kama fundi anavyosema pangewekwa skrubu moja pale.

Nikamwambia, "Basi nakuita. Leo hii nakuita, sitanii, ukitoka hapa pitia kwangu kwanza kabla ya kwenda kwako." Akasema, "Sawa," akamgeukia wifi na kumwambia kesho amletee mfuko wa vifaa. Wifi akauleta, ukakaa chini ya kitanda. Alhamisi, tarehe 14 Machi 2019, saa kumi na moja na dakika ishirini alfajiri, akafariki akiwa na umri wa miaka sitini na miwili.

Kwa niaba ya familia nawashukuru madaktari na wauguzi wa wodi namba tano, na yule muuguzi wa zamu ambaye tangu juzi analia kwamba alimwudhi mzee, dada yangu, hukumwudhi, wewe ulitufungulia. Nawashukuru majirani mliotupikia na kulala nasi, wafanyakazi wenzake mliotoa gari, na wachungaji wetu. Mungu akupumzishe, kaka, mahali ambapo neno ni neno.

Nimebakiza ombi moja. Jana jioni nilimwomba kaka mkubwa, ambaye ni mwenyekiti wa kamati, kwamba msafara upitie kwangu, akacheka, akasema, "Hata leo, mdogo wangu, huachi mambo yako?" Nikamwomba dereva, na yeye akacheka. Siwalaumu, nimewazoesha. Lakini wote mmenisikia asubuhi hii, na hakuna aliyecheka hapa. Kutoka hapa kwenda makaburini, tukipinda kushoto kwenye duka la dawa, tunaongeza dakika sita, na mlango wangu nimeupima kwa futi leo asubuhi, upana ni inchi thelathini na nane, jeneza linapita bila kuinamishwa. Meza nimeitoa. Sihitaji wimbo wala hotuba, nitatangulia mimi, nifungue, nimwambie karibu ndani, waliombeba waingie naye mpaka sebuleni, wasimame kidogo, kisha twende tukamzike. Kaka mkubwa, nakuomba mbele ya watu hawa wote, mwambie dereva apinde kushoto.